Neno Lisilo na Mwenyewe

Masomo ya kusoma kwanza: Nehemia 6:1-9, Matendo ya Mitume 21:27-36, Yohana 21:20-23.



Somo letu la safari hii ni juu ya uvumi. Hatusemi masengenyo ya jirani kwa jirani. Hayo tunayajua, na kila mtu anayakemea, hata yule anayeyapenda. Tunasema ile habari kubwa inayoingia mjini asubuhi, na kabla jua halijawa kali imekwisha kufika sokoni, kwenye kituo cha teksi, kwenye foleni ya maji na katika chumba cha maombi. Ukiuliza ni nani aliyeiona kwa macho yake, unajibiwa: «Wanasema.» Huyu Wanasema ni nani? Hayumo katika orodha ya washiriki wetu, wala katika vitabu vya komini. Hana nyumba, hana ukoo, hakuna anayeweza kumpeleka mbele ya wazee. Lakini katika nchi yetu amekwisha kuua watu.

Tuanze kwa kumtendea haki. Watu wa Kongo hawakuanza kusikiliza radio trottoir, ile redio ya kando ya barabara, kwa sababu ya ujinga. Wakati wa Mobutu redio ya serikali ilikuwa ya kuimba sifa za kiongozi, na mtu aliyetaka kujua mambo ya nchi yake ilimpasa kutega sikio barabarani. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Serikali ilikubali kifo kimoja. Barabarani watu walihesabu makumi, wengine mamia, na mpaka leo hesabu haijakubaliwa na wote. Katika jambo lile, aliyesema kwamba wakubwa wanaficha hakukosea. Kwa hiyo mhubiri anayepanda mimbarani na kutangaza kwamba kila neno la barabarani ni uongo wa shetani, hatuwasaidii waamini wake. Wataitika amina, kisha watarudi kulekule kwa Wanasema, kwa sababu siku nyingine yeye alisema kweli.

Ni afadhali tuseme hivi: mara nyingi uvumi ni maelezo ya uongo juu ya jeraha la kweli. Tukilishika neno hili, mambo mengi yatafunguka.

MIKONO NDANI YA MAKOPO

Wakati wa mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, watu wa mto na wa misitu walivumisha jambo la kutisha juu ya makopo ya nyama yaliyoonekana katika nyumba za wazungu. Juu ya kopo kuna picha ya ng'ombe, walisema, lakini ndani hakuna nyama ya ng'ombe. Ndani kuna mikono ya watu iliyokatwakatwa.

Tungeweza kucheka. Lakini mikono ilikuwa inakatwa kweli. Askari wa Force Publique walidaiwa mkono wa kuume kuwa ushuhuda wa kila risasi waliyotumia, na vijiji vilivyoshindwa kuleta mpira viliadhibiwa hivyo. Mikono ilikaushwa kwa moshi ikapelekwa kwa vikapu mbele ya wakubwa. Mtu wa kijijini aliyeona vikapu vile vikienda kwa mzungu, halafu akaona makopo yakitoka kwa mzungu, aliunganisha mambo mawili. Kiungo cha katikati kilikuwa cha uongo, na vikapu vilikuwa vya kweli.

Baadaye, huku Katanga, wazee wetu walisimuliana habari za batumbula, watu wa usiku ambao, kwa maneno ya wakati ule, waliwakamata Waafrika kwa ajili ya wazungu waliotaka nyama yao. Majirani zetu wa Afrika ya Mashariki walikuwa na hadithi ndugu yake: huko waliwaogopa mumiani na wazimamoto, ambao wao walitaka damu. Hakuna mzungu aliyepatikana akila mtu. Lakini fikirini ni nani aliyesimulia. Ni watu walioona vijana wakichukuliwa kwa kazi za migodi na za barabara, na wengine hawakurudi, wala hakuna barua, wala kaburi. Nguvu za watu wale zililiwa kweli, na hadithi ililisema jambo hilo kwa njia yake.

PETE NDANI YA TEKSI

Jeraha likiwa la kweli, je, uvumi hauna hatia? Hapana. Tuangalie Kinshasa, Aprili 2008.

Katika mwezi ule ilienea habari kwamba kuna watu wenye uchawi wanaoweza kuiba au kupunguza viungo vya kiume kwa kumgusa mtu tu. Watu waliopiga simu redioni waliwashauri wasikilizaji wajihadhari ndani ya teksi na abiria waliovaa pete za dhahabu. Mnajua teksi zetu zinavyojaa. Nani asiyemgusa jirani yake? Kijana anashtuka, anapiga kelele, umati unakusanyika, na yule mwenye pete anaanza kupigwa. Polisi waliwakamata watu 13 walioshtakiwa kwa uchawi huo, na waliwakamata pia 14 waliojiita walioibiwa, ili kuzuia damu isimwagike. Mkubwa wa polisi wa mji, Jean-Dieudonné Oleko, alieleza mbele ya waandishi wa habari kwamba walioibiwa walikuwa wazima. Walipoambiwa kwamba kiungo chao kipo, walijibu kwamba kimekuwa kidogo. (Ndugu, cheko linaruhusiwa hapa, ila kwa kiasi.)

Ofisa yule alikuwa na sababu ya kuogopa. Uvumi kama huo ulipopita Ghana katika 1997, watu 12 walipigwa na umati mpaka kufa.

Sasa fungueni Matendo 21. Watu wanamshika Paulo hekaluni na kupiga kelele kwamba ameingiza mtu wa mataifa mahali patakatifu. Luka anatupa sababu yao katika mstari wa 29, na mstari huo ni mfupi, wengi tunaupita bila kuuona: walikuwa wamemwona Trofimo wa Efeso pamoja na Paulo mjini, wakadhani amemwingiza hekaluni. Walichoona ni watu wawili barabarani. Lile la hekalu ni la kudhani tu. Katikati ya kuona na kudhani, mji mzima ulisimama, na Paulo alikuwa karibu kuuawa. Mstari wa 34 unaonyesha kwamba katika umati wenyewe hawa walisema hivi na wale walisema vile, hata jemadari hakuweza kupata neno la hakika. Aliamuru Paulo apelekwe ndani ya ngome, na askari ilibidi wambebe kwa sababu ya ukali wa watu. Ndilo jambo lile lile walilofanya polisi wa Kinshasa: kumwondoa mtu kwanza mikononi mwa umati, ndipo kuuliza.

Kumbe kosa la uvumi linaanzia hapo, unapotoka katika jeraha na kwenda kutafuta uso wa mtu. Watu wa Kinshasa walikuwa na mateso ya kutosha katika 2008: kukosa kazi, na aibu ya mwanamume asiyeweza kulisha nyumba yake. Pete ya abiria mwenzao haikuwa na lawama katika mateso hayo.

BUTEMBO

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu jambo hili ni la jana na wengi wetu tuna ndugu kule.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3.470, na kati yao 2.287 walikufa. Chanjo ilikuwapo, na zaidi ya watu 300.000 walichanjwa. Kwa nini basi ugonjwa ulikaa karibu miaka miwili?

Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja katika wanne alisema Ebola haipo. Mmoja katika watatu alisema imetengenezwa ili watu wapate pesa. Wengine walisema imeletwa kuharibu jimbo lao. Katika mitaa ilisemwa kwamba watu wa riposte wanaua wagonjwa ndani ya vituo, na kwamba wanatoa viungo vya maiti kabla ya kuzika.

Ni rahisi kwa mtu wa mbali kusema: watu wajinga. Lakini tuwaulize jeraha lao. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni na vijiji vyake walikuwa wanachinjwa usiku kwa mapanga, mwaka baada ya mwaka, mamia ya watu, na walilia bila kuona msaada unaotosha. Halafu unakuja ugonjwa, na ghafla barabara zinajaa magari makubwa mapya, wageni, dola na askari wa kusindikiza. Mama aliyezika watoto wake waliouawa kwa panga anajiuliza: hawa walikuwa wapi? Swali lake si la kijinga.

Kisha kikaja kisa cha uchaguzi. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nyingine, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Zitapiga Machi 2019. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari. Zaidi ya watu milioni moja hawakuhesabiwa katika kumchagua. Masoko yalikuwa wazi, shule zilikuwa zimefundisha, makanisa yalijaa, lakini sanduku la kura lilikatazwa. Kesho yake kituo cha kupokelea wagonjwa huko Beni kilishambuliwa, na tarehe 30 Desemba vijana wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe bila Tume. Tangu siku ile, mtu aliyesema «Ebola ni siasa» alikuwa na karatasi ya Tume mkononi mwake ya kuonyesha. Waliopanga jambo lile waliulisha uvumi kuliko midomo yote ya sokoni.

Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matunzo cha Katwa kilichomwa moto. Siku tatu baadaye cha Butembo kilishambuliwa. Waganga wa Médecins Sans Frontières waliokuwa wakifanya kazi humo waliacha vituo vyote viwili. Tarehe 19 Aprili, na hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu huko Butembo, mahali daktari Richard Mouzoko wa Kameruni alipokuwa katika mkutano wa kazi, wakampiga risasi akafa. Alikuwa ameacha kwao kuja kutunza wagonjwa wetu. Risasi ilipigwa na watu na ni wao watakaoijibu. Lakini neno lilikuwa limelima shamba kwa miezi mingi kabla ya bunduki kuja, na wengi waliolibeba neno hilo walikuwa watu wema, wenye kusali.

Tazameni sasa ni nini kilichosaidia, maana hapo pana fundisho. Vipaza sauti vilivyosema «Msisikilize uongo» havikubadilisha wengi. Kule Beni walileta vyumba vya plastiki ing'aayo, ndugu wakaweza kusimama nje na kumwona mgonjwa wao, kumwita jina, kuona kinachofanywa. Kwa maziko, zilitafutwa mifuko yenye dirisha, ili jamaa wauone uso wa maiti wao na kujua kwamba hakuna kilichoibwa. Na wale waliopona, ambao mwili wao ulikuwa umekwisha kuushinda ugonjwa, walifanya kazi ya kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Jirani aliyesikia kwamba humo ndani hakuna anayetoka hai, alimwona binti wa mtaa wake ametoka, tena amerudi kwa hiari yake kulea mtoto wa mwingine. Mlango ulipofunguliwa, jicho liliona, na uvumi ukakosa pa kukaa.

WALIVYOMSIKIA VIBAYA

Wengine watasema: hayo ni ya watu wa nje, sisi kanisani tuna Neno. Someni Yohana 21. Uvumi ule ulizaliwa kati ya ndugu wenyewe, tena kutoka katika maneno ya Bwana. Yesu alimjibu Petro juu ya mwanafunzi mwingine kwamba, ikiwa yeye anataka huyo akae mpaka atakaporudi, hilo halimhusu Petro. Ndugu wakachukua habari kwamba mwanafunzi yule hatakufa. Waliacha neno moja dogo, lile «ikiwa», na fundisho likageuka. Mwandishi wa Injili hakuwagombeza. Alirudi kwenye maneno yenyewe na kuyaandika tena kama yalivyosemwa, mstari wa 23.

Jambo kama hilo tuliliona Aprili 2020, wakati wa Corona. Tarehe 3 mwezi ule profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye tangu 1976 huko Yambuku amekuwa akipigana na Ebola, alisema kwamba Kongo iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo. Hazikupita saa nyingi, simu zote zilikuwa zimejaa habari kwamba Wakongomani wameuzwa kuwa panya wa majaribio. Ilimpasa profesa asimame tena na kueleza kwamba chanjo haitajaribiwa Kongo kabla ya kujaribiwa kwanza kwingine. Na hapa tena jeraha lilikuwapo: siku mbili tu mbele yake, katika televisheni ya Ufaransa, waganga wawili walikuwa wamezungumza juu ya kujaribu dawa ya chanjo katika Afrika kwa maneno ya dharau. Hayo yalisemwa kweli, kila mtu aliyasikia. Hasira ya watu ilikuwa na haki. Ila ilimwangukia mtu mwingine.

Nehemia naye alipata barua iliyo wazi, isiyofungwa, ili kila mchukuzi aisome njiani. Ndani yake iliandikwa kwamba inasemwa kati ya mataifa, na Geshemu naye anasema, kwamba Wayahudi wanataka kuasi. Zile habari za simu tunazoambiwa tuzitume kwa watu kumi ni barua za namna hiyo hiyo: hazifungwi, na ndani yake daima yupo Geshemu fulani, «daktari mmoja mkubwa», «jemadari mmoja», ambaye haonekani. Nehemia alijibu kwa mstari mmoja kwamba hakuna neno kama hilo, akarudi kwenye ukuta.

UVUMI UKIPATA KINYWA CHA NABII

Makanisa yaliyozaliwa katika ardhi hii yanajua uzito wa neno lisilo na mwenyewe. Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Watu waliacha kazi na hospitali kwenda kumsikiliza, na kati ya wazungu ikatembea habari kwamba anatayarisha maasi. Septemba alikamatwa, tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kufa. Mfalme Albert aligeuza hukumu iwe kifungo cha maisha, na nabii alikaa gerezani mpaka alipofia Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30, kwa sababu wenye nguvu waliogopa na walikubali kudhani.

Je, sisi wenyewe tukiogopa, tunafanya nini? Tunaongea juu ya watoto. Katika miji yetu mtoto aliyefiwa na wazazi, anayelelewa na mjomba au na mke wa baba, au mwenye kifafa, au anayekojoa kitandani, ndiye anayeitwa ndoki. Mauti imeingia nyumbani, baba amepoteza kazi, biashara ya mama imekufa: jeraha ni la kweli. Kisha jirani anasema neno, shangazi anaota ndoto, na neno linaletwa kanisani. Likiishia kwa jirani, bado ni uvumi. Lakini siku mtumishi wa Mungu anapoliinua mbele ya kusanyiko na kumwonyesha mtoto kwa kidole, neno lile limepata mwenyewe, tena mwenye joho. Baada ya hapo hakuna wa kulirudisha. Mtoto ananyimwa chakula ili «afunguliwe», au anapigwa, au anakuta mlango umefungwa na kwenda kulala sokoni.

Sheria ya nchi imenyoka katika jambo hili. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inampa adhabu anayefanya hivyo, katika kifungu cha 160. Haikutoa ruhusa kwa nabii. Wala Torati haikuitoa: katika Kumbukumbu 13:14 watu wanaagizwa wachunguze, watafute, waulize kwa bidii kabla ya kukubali habari waliyosikia, na katika 19:15 shahidi mmoja hatoshi kumhukumu mtu. Ndoto ya shangazi si shahidi wawili. Si hata mmoja.

Ndugu mmoja atauliza: na ikiwa Roho amefunua? Tujibu bila kuogopa. Roho aliyefunua jeraha la nyumba ile amewatuma wazee waende kuliangalia: kuna chakula? mtoto amepelekwa hospitali? yule aliyekufa alikufa kwa ugonjwa gani? Hayo yanaonekana kwa macho.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

Ni uvumi gani uliopita katika mtaa wenu mwaka huu, na chini yake kulikuwa na jeraha gani la kweli?

Paulo alikuwa na jemadari wa kumtoa katika umati. Watu wakianza kumpiga mtu mbele ya kanisa lenu, ni nani atakayetoka kwanza, na atampeleka wapi?

Je, kuna mtoto katika parokia yenu ambaye jina lake limekwisha kutajwa? Nani anamlisha sasa, na analala wapi?